Kilo za Maji

Dukani, kwenye meza ya kukatia
9 Januari

Mdogo wangu Kisigino,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, isipokuwa shemeji yako, ambaye mafua kidogo yamemfanya ajione mgonjwa wa kwanza duniani. Mpwa wako amepata kazi kwenye duka la dawa na sasa anatupima presha kila anapopita, tutake tusitake. Mama yuko vizuri. Sikio la kushoto limezidi kuziba, lakini ukimtaja chini chini chumba cha pili anasikia. Anakuulizia kila siku. Namjibu kwamba unaendelea vizuri, maana ndivyo unavyoniambia na mimi.

Wifi na watoto hawajambo? Mwambie gauni lake nimeshalikata, nasubiri vifungo tu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako kuandika. Kwenye simu nikigusa jambo hili unaingiza mzaha, nami nacheka, tunaagana bila kusema kitu. Karatasi huwezi kuikatiza. Majibu ya damu yametoka. Tunaendana, mdogo wangu. Daktari amesema figo yangu moja inaweza kukaa kwako na mwili wako ukaipokea. Nilitoka pale nataka kumkumbatia mlinzi wa getini.

Ila kuna moja. Walinipima uzito, wakatazamana. Daktari anasema mtu mwenye kilo kama zangu hawamtoi figo, ni hatari kwangu siku ya upasuaji na ni hatari kwa ile itakayobaki. Nipungue kilo kumi na mbili ndipo jina langu liendelee. Atanipima tena mwishoni mwa Mei.

Nikajiambia, hilo tu? Mimi ni mtu wa kukaa kwenye cherehani toka asubuhi, mwili umenijia wenyewe bila kualikwa. Nitauambia uondoke. Ng'ambo ya barabara, palipokuwa na duka la magodoro, wamefungua jimu. Ina chumba cha joto cha mbao, na ina blanketi la umeme wanalokuviringisha ndani yake ukabaki uso tu. Kocha wao, kijana mwenye shingo nene, ananihakikishia kwamba mafuta yanayeyuka tumboni kama yanavyoyeyuka kwenye kikaango. Wewe unasikiliza redio siku nzima ukishona viatu, hebu niambie: umewahi kusikia? Joto linakondesha kweli?

Usinijibu kwa mzaha.

Dada yako


Kibandani, kati ya soli na gundi
30 Januari

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, na wifi yako ameisoma mara tatu akitafuta habari za vifungo. Anaomba visiwe vya rangi ya dhahabu, hataki kufanana na mpiga tarumbeta. Watoto wazima. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na kila mpita njia lazima aonyeshwe pengo. Mpe Mama salamu zangu kwenye sikio la kulia.

Mimi sijambo. Mashine ya kusafisha damu ni mara mbili kwa wiki kama kawaida. Nimebuni kitu, utacheka. Nimejishonea viatu jozi mbili. Jozi ya kwenda ni kubwa, kamba nimeziacha huru, kwa sababu siku ya mashine naamka miguu imevimba. Jozi ya kurudi ni ya kipimo changu cha zamani, naibeba kwenye mfuko, maana nikitoka pale ile ya kwanza inanivuka njiani. Wagonjwa wenzangu wawili wameshaniagiza na wao. Kazi haikosekani.

Kuhusu joto, sijui. Nitamuuliza nesi wa pale kwenye mashine, mama mmoja asiyepindisha maneno. Wewe tembea tembea tu, usijitese.

Kuhusu lile jambo lenyewe, tutazungumza. Barua imekuwa ndefu na gundi inakauka.

Mdogo wako,
Kisigino


Dukani
26 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Eti barua imekuwa ndefu! Ukurasa mmoja, na nusu yake ni viatu. Haya, nimekusikia.

Huku wote wazima. Gauni la wifi linakuja na mzigo huu, vifungo vyeusi. Shemeji yako amepona mafua na sasa ana mgongo.

Nina habari. Nimepungua kilo tano! Tano, Kisigino, kwa mwezi mmoja na ushee. Nikikuelezea chumba chenyewe utanionea huruma. Ni kidogo kama stoo, kuta za mbao, taa nyekundu, mabenchi mawili. Tunakaa wanne: mimi, mwenye saluni ya kona, mwalimu mstaafu, na bibi harusi mtarajiwa anayelia kila akitajiwa mkate. Sheria ya humo ni moja: hakuna kugusa maji mpaka upimwe. Tukitoka tunapanda kwenye mizani mmoja mmoja, na aliyepungua anapigiwa makofi. Nimepigiwa makofi zaidi ya bibi harusi.

Na mimi si fundi bure. Kocha alikuwa na koti la plastiki la kutolea jasho, limeshonwa ovyo, linavuja hewa kwapani. Nikachukua kitambaa cha makoti ya mvua nikashona la kwangu, mshono juu ya mshono, lastiki shingoni na viganjani. Hewa haipiti kabisa. Nalivaa hata hapa dukani nikifanya kazi. Wenzangu wote watatu wameniagiza. Kazi haikosekani, kama ulivyosema.

Mama hapendi. Ananiambia nanuka kama pazia la bafuni.

Kitu kimoja tu kimenitatiza. Nilijipima kiuno kwa utepe wangu, ule wa siku zote, ukasema kiuno ni kile kile cha Januari. Kilo tano zimetoka wapi, visiginoni? Nikakumbuka niliusahau mfukoni nikaufua pamoja na nguo. Nikasema umenywea. Nikanunua mpya, ukasema vile vile. Basi utepe wa dukani siku hizi nao si wa kuaminika. Nimezitundika zote mbili ukutani, naendelea na mizani.

Utaona kalamu imebadilika hapa. Niliiacha barua jana nikajinyoosha kidogo. Kichwa kimekuwa kizito, ni hali ya hewa tu.

Hukusema hata neno kuhusu figo. Nimeliona hilo.

Dada yako


Kibandani
18 Machi

Dada,

Sote tunawasalimu. Gauni limemkaa wifi yako sawasawa, amelivaa siku mbili mfululizo. Usishangae mwandiko, naandika nimeegemea upande.

Nimemuuliza nesi. Nilimsomea barua yako, sehemu ya joto tu. Nilitegemea acheke. Hakucheka, ndipo nikajua mambo si mazuri. Akaniuliza:

"Dada yako akitoka humo anakunywa maji?"

"Hapana, mpaka apimwe."

Akavuta kiti akakaa. Yule mama sijawahi kumwona amekaa akiwa kazini.

"Wewe hapa tunakupima ukiingia na ukitoka," akasema. "Leo umepungua ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Umekonda?"

Nikaitazama mikono yangu, nikalishika tumbo. "Sijakonda, nesi. Nimekauka."

"Basi na yeye ni hivyo hivyo. Mwambie jasho ni maji na chumvi. Mafuta hayatoki kwa mlango huo. Mafuta mwili unayatumia wenyewe, taratibu, mtu akipunguza chakula na akiutembeza. Akinywa maji kilo zinarudi. Asipokunywa, figo ndizo zinaumia."

Nikamuuliza kama joto lote ni baya. Akasema hapana. Mtu mwenye afya akimaliza mazoezi akakaa humo kidogo, akanywa maji yake, misuli inalegea na usingizi unakuja vizuri. Ila kukondesha, hapana. Na lile koti aliponisikia nikilisoma, alishika kichwa.

Dada, mimi jambo hili nalijua kwa miguu yangu. Mguu unaoingia kwenye jozi ya kwenda ndio huo huo unaoingia kwenye jozi ya kurudi. Hakuna nyama iliyotoka wala iliyoongezeka. Ni maji. Baada ya siku tatu naivaa tena ile kubwa. Utepe wako haukunywea. Humo ndani mlimo, ndio peke yake uliokuwa ukisema kweli, na wewe ukautundika ukutani.

Acha. Nakwambia acha. Na nikuambie neno ambalo nimelikwepa tangu Januari: mimi sikukuomba figo. Sikumwomba mtu yeyote. Kama ndiyo inayokupeleka kwenye hilo blanketi, ifute kabisa akilini. Watu wanaishi na mashine miaka na miaka.

Kisigino


Kibandani
25 Aprili

Dada,

Sijapata barua. Nikipiga simu anapokea mpwa wangu, anasema umelala. Saa nne asubuhi, fundi mwenye duka, umelala? Andika hata mstari mmoja. Nitukane, lakini andika.

K.


Wodini, kitanda cha dirishani
29 Mei

Mdogo wangu,

Mama, shemeji yako na mpwa wako wazima. Wanapokezana kuja kunitazama, na mpwa wako ameshagombana na manesi wawili kuhusu namna ya kupima presha. Mimi nimelazwa. Usishtuke, naandika mwenyewe, kwa hiyo nipo.

Uliandika kwamba hukuniomba. Ni kweli, hukuniomba. Nililisoma lile neno nikalia, kisha nikakasirika. Nikasema huyu niliyembeba mgongoni leo ananifungia mlango usoni. Sikuacha, Kisigino. Niliendelea kwa hasira. Nilikuwa navaa lile koti nikiwa ndani ya blanketi, vyote pamoja. Mwalimu mstaafu aliniambia dada, midomo yako imepasuka. Nikamwambia ni vumbi. Nilianguka mara moja nyuma ya duka, mara nyingine bafuni, na nilimkataza mpwa wako asikuambie.

Siku ya kupimwa nilikwenda sijagusa maji tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Nikapanda kwenye mizani. Mshale ukasimama pale pale walipotaka. Nesi akanipongeza. Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikajiambia nitakupigia simu nikiwa hapo hapo nje, nisikie utasema mzaha gani.

Kisha wakachukua damu, wakaniomba mkojo. Mkojo wenyewe ulikuwa mchache, rangi ya chai ya rangi. Nikajisikia vibaya kwenye foleni, na nilipofumbua macho nilikuwa kitandani na sindano mkononi.

Daktari alikuja jioni na karatasi za majibu. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema figo zangu zimekauka, hazisafishi kama zilivyokuwa zikisafisha Januari. Akaniuliza, "Mama, ulikuja kutoa nini hapa?"

Amesema mara nyingi hali hiyo hurudi, ila hawezi kuniahidi. Jina langu ameliondoa kwanza. Atarudia vipimo baada ya miezi mitatu.

Na zile kilo? Nimelala hapa nikiutazama mfuko wa maji unaning'inia juu yangu, unadondoka tone tone, na kila asubuhi wakinipima nimenenepa. Zaidi ya nusu ya nilichohangaikia tangu Januari kimerudi kwa njia ya sindano. Nesi wako alisema kweli. Utepe ulisema kweli. Na mimi ni fundi, kazi yangu yote ni kuamini utepe.

Nilitaka kukuokoa, mdogo wangu, na hicho hicho cha kukuokoa nacho nimekichoma.

Dada yako


Kibandani
10 Juni

Dada yangu,

Watoto wanakusalimu, hawajui kitu. Wifi yako anajua, hajalala vizuri.

Nilikukasirikia sana. Nilitupa kiatu cha mteja ukutani. Kisha nikarudia kusoma pale uliposema uliendelea kwa hasira, nikaona hasira hiyo ni mimi niliyekutumia, nikaibandika na stempu. Nisamehe.

Wewe umenieleza yako yote, na mimi nikueleze yangu. Mshipa wa mkononi waliokuwa wanaunganishia mashine uliziba mwezi wa pili. Sasa wanapitishia mpira shingoni, ndiyo maana naandika nimeegemea. Pale shingoni si mahali pa kukaa muda mrefu, na wakihama hapo hawana uhakika watakwenda wapi. Niliposema watu wanaishi na mashine miaka na miaka, nilisema kweli, lakini sikusema kwamba mimi ni mmoja wao. Nilikuwa najua hivyo siku niliyokuandikia kwamba sikukuomba.

Niliandika hivyo kwa woga. Nilifikiri nikiomba, kisha ukapatwa na jambo juu ya meza ya upasuaji, nitamtazama Mama kwa macho gani? Nisipoomba, angalau haitakuwa kwa neno langu. Kumbe nimekufikisha wodini bila kuomba.

Basi sasa naomba. Dada, naomba figo yako. Ikirudi hali yake, naomba unipe. Isiporudi, naomba upone wewe, na hilo naliomba kwanza.

Na kingine. Mimi maji napimiwa. Vikombe viwili vidogo kwa siku, na humo chai na uji vimehesabiwa. Naota bomba. Watoto wakitaka kunywa hunigeuzia mgongo kwa adabu, lakini nasikia koo zao zikimeza. Na wewe, mtu mwenye ruhusa ya kunywa mtungi mzima, ulikaa na kiu ukidhani unanisaidia. Usinifanyie hivyo tena maishani mwako. Kunywa, Dada. Kunywa asubuhi, kunywa mchana, na ukimaliza glasi yako, kunywa na yangu.

Mdogo wako,
Kisigino


Dukani, kwenye meza ya kukatia
23 Agosti

Mdogo wangu Kisigino,

Salamu kutoka kwetu sote. Shemeji yako mgongo umepona, sasa ni goti. Mpwa wako ameacha kutupima presha, kazi imemchosha. Nilichelewa kuandika kwa makusudi, sikutaka kukuandikia nusu ya habari.

Mama anajua habari ya figo. Sikumwambia, alisikia kwa lile sikio lililoziba. Kesho yake akaniuliza, "Figo moja inamtosha mtu?" Nikamwambia inamtosha. Akasema, "Basi tugawane vizuri humu ndani." Tangu siku hiyo ananiwekea jagi hapa mezani, na haondoki mpaka aone limepungua. Nakunywa yangu. Nakunywa na yako. Mara nyingine machozi yananitoka nikinywa ya kwako, lakini naimaliza.

Kocha alikuja kunitembelea nilipotoka hospitali. Aliogopa nitamsema. Nilimwambia joto lake ni zuri kwa misuli, ila kikaango asikitaje tena mbele ya watu, na ndoo ya maji aiweke mlangoni. Ndoo ameiweka. Mwenye saluni na mwalimu mstaafu wamenirudishia makoti. Bibi harusi hakutaka kusikia. La kwangu nimelikata nikashona kifuniko cha cherehani.

Asubuhi natembea na mwalimu mstaafu, tunakwenda mpaka kwenye daraja la reli na kurudi. Chakula nimepunguza, na nimesogeza pasi mbali na cherehani ili kila mshono uninyanyue kitini. Mizani inakwenda polepole, inaudhi. Hakuna anayenipigia makofi. Ila wiki iliyopita niliuteremsha ule utepe wa zamani ukutani nikajizungushia. Vidole viwili, Kisigino. Kiuno kimerudi ndani vidole viwili. Nikaurudia. Nikachukua na ule mpya. Zote mbili zilikubaliana, nikakaa chini nikaomba radhi kwa utepe.

Jana nimerudi kwa daktari. Damu ni safi. Figo zimerudi zilivyokuwa Januari. Alizisoma zile namba mara mbili, kisha akaandika jina langu tena mbele ya macho yangu. Amesema kwa mwendo huu, na mwendo huu tu, kabla mwaka haujaisha atatupangia siku, wewe na mimi, vyumba viwili vinavyopakana.

Uliniomba, na nimesikia. Nitakupa. Lakini na mimi nina agizo kwako, na nalitoa kama mteja. Anza jozi ya tatu. Chukua ngozi nzuri, usiniletee mabaki. Pima mguu wako siku unapotoka kwenye mashine, na ushone taratibu, tuna wakati. Iwe jozi moja tu, uivae kwenda, na uivae hiyo hiyo kurudi.

Dada yako